Ualimu ni Wito, Lakini Nani Mwenye Haki ya Kusema Hivyo?



Kuna maneno ambayo walimu wengi wa shule za msingi za kanisa wameshayasikia: "Mwalimu, hii ni kazi ya Mungu, thawabu yako iko mbinguni." Mara nyingi husemwa pale mshahara unapochelewa. Sasa tujiulize: hayo ni maneno ya imani, au ni njia ya kumnyamazisha mtu anayedai haki yake? Swali hili linatuhusu, maana baadhi yenu mnasomea ualimu, na wengine kesho mtakaa kwenye kamati za shule za parokia.

Mtakatifu msimamizi wa walimu alikutana na swali hili hili. Ni Jean-Baptiste de La Salle, aliyezaliwa mwaka 1651 katika mji wa Reims, Ufaransa. Familia yake ilikuwa tajiri, na yeye alikuwa padri na kanoni wa kanisa kuu, cheo chenye heshima na kipato cha uhakika. Mwaka 1679 alianza kusaidia shule za watoto maskini wa kiume. Walimu wake walikuwa watu wa hali ya chini, wengi bila maandalizi ya kazi hiyo. La Salle mwenyewe alikiri baadaye kwamba mwanzoni aliwaona wako chini hata ya mtumishi wake wa nyumbani. Hata hivyo aliwakaribisha mezani kwake, kisha wakahamia kabisa nyumbani kwake. Ndugu zake hawakufurahi hata kidogo.

Walimu wale walikuwa na hofu moja: shule zikifungwa, au uzee ukija, tutakula nini? La Salle akawahimiza wamtegemee Mungu anayewalisha ndege na kuyavika maua ya kondeni. Nao wakamjibu bila kuzunguka: kwako ni rahisi kusema hivyo, wewe una mali na cheo. Shule zikianguka, wewe utabaki umesimama, sisi tutakuwa ombaomba.

Jibu lile lilimwingia. Angeweza kuwaambia hawana imani, na wengi wangekubaliana naye. Lakini aliona kwamba wana haki. Mwaka 1683 aliachia ukanoni, na hakumpa ndugu yake bali padri maskini. Njaa ilipoikumba Reims majira ya baridi yaliyofuata, aligawa mali yake kuwalisha wenye njaa. Baada ya hapo aliweza kuwaambia tena walimu wake wamtegemee Mungu. Maneno yalikuwa yale yale, ila sasa msemaji alikuwa amesimama pale waliposimama wao.

Basi hapo ndipo pa kupimia. Ukimwambia mwalimu ajitoe sadaka, jiulize kwanza wewe umetoa nini. Kama posho yako inaingia kwa wakati na ya kwake inangoja miezi mitatu, usimhubirie juu ya maua ya kondeni. Katekisimu yetu inahesabu kumdhulumu mfanyakazi ujira wake kati ya dhambi zinazomlilia Mungu. Na Papa Leo XIII, aliyetetea ujira wa haki katika waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891, ndiye huyo huyo aliyemtangaza La Salle kuwa mtakatifu mwaka 1900.

Lakini tusiishie hapo, maana mshahara peke yake hauleti mwalimu. Unaweza kulipwa vizuri na bado usimwone mtoto wa dawati la nyuma. La Salle aliamua watoto waanze kusoma kwa Kifaransa, lugha waliyoizungumza nyumbani, wakati ilikuwa desturi kuanza na Kilatini. Alitaka mtoto aelewe anachosoma. Tena Mabruda wa Shule za Kikristo aliowaanzisha hawakuwa mapadri. Kwake, kumfundisha mtoto kusoma, kuhesabu na kusali kulitosha kuwa wito wa maisha mazima. Kwa hiyo wewe unayesema, "Nafundisha tu primari kwa muda, nikisubiri kazi ya maana," hebu fikiri tena.

Wito na ujira havigombani, kijana mwenzangu. Wito ni sauti ya Mungu kwa mwalimu. Ujira ni deni letu sisi kwake. Hatuwezi kumtumia Mungu kukwepa deni letu.

Wiki hii, mtafute mwalimu mmoja aliyekufundisha darasa la kwanza au la pili. Msalimie, mwombee, na kama una uwezo, usiende mikono mitupu.

Ee Bwana, wape walimu wetu moyo wa kuwapenda wadogo, nasi utupe moyo wa kuwatendea haki. Amina.

Mtakatifu Yohane Baptista de La Salle, utuombee.