Binti Watano Mlangoni pa Hema

Somo: Hesabu 27:1-11



Kila mwaka Mwenge wa Uhuru hupita katika wilaya zetu. Wanaoukimbiza ni vijana, na kila unapolala husomwa risala ya utii kwa Rais. Akija kiongozi mkubwa kutoka Dodoma au Dar es Salaam, hapo pia hutafutwa kijana mwenye sauti nzuri, akapewa karatasi ili asome risala ya vijana. Sisi tuliofundisha miaka mingi twaijua vizuri risala hiyo. Huanza kwa salamu, hufuata shukrani, hufuata orodha ndefu ya mafanikio, na mwisho kabisa, watu wakiwa wamekwisha kuchoka na jua, hutajwa matatizo mawili matatu kwa sauti ya chini. Mara nyingi kijana anayesoma hakuandika hata sentensi moja. Ameandikiwa na wakubwa, naye amekuwa kama tarumbeta: sauti inatoka kwake, pumzi ni ya mtu mwingine.

Tuulizane basi, ndugu: je, Mungu anataka vijana waseme na mkuu wa taifa namna gani? Na mkuu asikilize namna gani? Na sisi wazazi tulio katikati yao, kazi yetu ni ipi? Biblia haikutuacha bila mfano.

Wana wa Israeli walikuwa karibu na kuingia katika nchi ya ahadi. Watu walikuwa wamehesabiwa, na nchi ingegawanywa kwa kufuata hesabu ile ya wanaume. Basi wakatokea binti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alikufa jangwani, wala hakuacha mtoto wa kiume. Kwa desturi ya siku zile wangekosa urithi, na jina la baba yao lingefutika. Wakaenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, na Eleazari kuhani, na wakuu, na mkutano wote, wakalisema neno lao.

Tutazame walivyosema. Kwanza, walikwenda wenyewe, na majina yao yameandikwa. Pili, walisimama mahali pa wazi, mchana, mbele ya watu wote. Hawakunong'ona kisimani. Tatu, walisema kweli hata ile isiyopendeza: walikiri kwamba baba yao alikufa kwa dhambi yake mwenyewe, ila wakaeleza kwamba hakuwa katika kundi la Kora walioasi. Maana yake, walitenganisha madai ya haki na uasi. Nne, walitaja jambo moja, wakatoa na sababu yake: wapewe milki pamoja na ndugu za baba yao, jina lake lisipotee. Mwalimu yeyote angewapa alama zote kwa risala ile. Ilikuwa fupi, ya kweli, na ilijulikana inataka nini.

Tutazame na Musa alivyosikiliza. Alikuwa mzee, naye ndiye aliyewatoa watu Misri. Angeweza kuwaambia, "Ninyi ni watoto tena wasichana, nani amewatuma?" Hakusema hivyo. Wala hakuwapa ahadi ya harakaharaka ili wapige makofi waende zao. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana. Naye Bwana akajibu kwamba binti hao wamesema haki, akaamuru sheria iandikwe kwa ajili ya Israeli wote. Wasichana watano walisema, na sheria ya taifa ikatengenezwa. Huyu ndiye Mungu tunayemwabudu.

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wapatao 400, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wanaomaliza masomo ya juu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi walikataa. Walibeba mabango, na mojawapo lilidai kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Maneno hayo yalimchoma Mwalimu Nyerere. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawajibu kwa hasira, na karibu wote wakafukuzwa masomoni, wakarudishwa kwao vijijini.

Wengi husimulia habari hii wakaishia hapo, kana kwamba funzo lake ni vijana wanyamaze. Lakini haikuishia hapo. Katika malalamiko ya vijana wale, pamoja na ubinafsi uliokuwamo, lilikuwamo neno moja la kweli: mbona wanaotuambia tujinyime wao hawajinyimi? Mwalimu alilisikia neno hilo. Siku ileile alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Haukupita muda mrefu, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni. Na wengi wa wanafunzi wale walirudishwa masomoni baadaye. Basi twaona pande zote mbili. Vijana walikosa kwa kudharau jasho la wakulima waliowasomesha. Hata hivyo kiongozi aliweza kuchambua mchele kutoka katika pumba, ingawa zilitupwa usoni pake.

Tusidhani lakini kwamba kila neno la kijana ni neno la Mungu. Tusome 1 Wafalme 12. Rehoboamu alipoombwa na watu awapunguzie mzigo, aliliacha shauri la wazee, akafuata shauri la vijana aliokua pamoja nao, akawajibu watu kwa ukali. Na ufalme ukapasuka. Kosa lake halikuwa kuwasikiliza vijana. Vijana wale walikuwa wa jumba la mfalme, wasioujua mzigo. Waliokuwa na mzigo mabegani walisimama nje wakingoja siku tatu, wasisikilizwe. Hata leo kijana aliyeshiba aweza kuchaguliwa awasemee wenye njaa, na risala yake ikawa tamu mno. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Na asiposikilizwa mtu mlangoni pa hema, huenda akapiga kelele njiani. Jirani zetu wa Kenya waliona hayo Juni 2024. Vijana waliukataa Muswada wa Fedha wa mwaka ule, na tarehe 25 Juni wakaingia hata ndani ya Bunge. Watu wengi walipoteza maisha. Kesho yake Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi muswada ule, na tarehe 5 Julai akazungumza na vijana moja kwa moja kwa njia ya mtandao. Mazungumzo yale yangefanyika kabla ya mazishi, isingekuwa heri? Na kwetu pia, siku ya uchaguzi ya tarehe 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata, damu ilimwagika. Rais Samia Suluhu Hassan alipolihutubia Bunge Novemba ile alitoa pole kwa wafiwa, na tume ikaundwa kuchunguza yaliyotokea. Sisi hatumhukumu mtu katika ukurasa huu. Twasema tu kwamba mama aliyefiwa haulizi mtoto wake alikuwa wa chama gani, na Kanisa halina budi kulia pamoja naye.

Iko njia nyingine, nayo si ngeni kwetu. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Msichana mmoja Mtanzania, Rebeca Gyumi, alikwenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu hivyo. Mwaka 2016 alishinda. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukazia uamuzi ule: wasichana wasiwe na umri wa ndoa ulio pungufu kuliko wa wavulana, na umri uwe miaka 18. Hakuvunja kioo cha mtu. Alisimama mlangoni, akasema neno moja, na sababu yake. Hali kadhalika, wasichana waliopata ujauzito shuleni walizuiwa kurudi masomoni. Watu wengi wakawasemea kwa miaka, na tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ikatangaza kwamba wanaweza kurudi. Je, katika nyumba zetu za Majengo wasichana hao wamerudi kweli? Au Serikali imefungua mlango na baba ameufunga?

Tukumbuke, ndugu, kwamba binti za Selofehadi nao hawakupata siku ileile. Musa alikufa kabla ya kuvuka Yordani. Katika Yoshua 17 twawaona tena, wamesimama mbele ya Eleazari na Yoshua, wakiwakumbusha ahadi. Ndipo wakapewa. Basi vijana, kusema mara moja hakutoshi. Kiongozi hubadilika, lakini neno la haki halichakai. Lirudieni kwa adabu mpaka litimizwe.

Na mambo ya kusema hayajakosekana. Vijana wetu wa hapa wanaishi kwa mahindi zaidi ya kitu kingine. Wanajua bei ya mbolea, wanajua siku za kungoja mzigo ununuliwe, wanajua nani ana shamba na nani analima la kukodi. Wanajua habari za fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni mikopo ya vijana. Waseme basi kama inawafikia, na kama waliokopa wanarudisha. Wapo waliomaliza kidato cha nne na cha sita, na wengine chuo, ambao asubuhi hawana mahali pa kwenda. Wayaseme haya wao wenyewe. Katiba yetu, ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Wasingoje mpaka waote mvi.

Kazi yetu wazazi ni ipi? Kwanza, tuache kuwaandikia. Twaomba vijana wa kanisa letu wapewe Jumapili moja baada ya ibada, wakae wenyewe, waandike risala yao ya ukurasa mmoja: mambo matatu, si thelathini, na kwa kila jambo waeleze wanaomba nini na wao watafanya nini. Kijana anayeomba mbolea aseme na ekari atakazolima. Pili, wakiisha kuandika, waisome mbele yetu, nasi tusahihishe tahajia tu, maana yake tusiiguse. Tatu, ikifika siku ya kuipeleka, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa diwani, kwa mbunge, hata kwa Rais akifika mkoani kama alivyofika Septemba 2024, tusimame nyuma yao. Binti wale walisemea mbele ya mkutano wote. Laiti mkutano ungewazomea, nani ajuaye kama wangeimaliza sentensi ya pili.

Na ninyi vijana, jichungeni na njia mbili zinazofanana na ujasiri lakini sizo: matusi na sifa za uongo. Mwenye kutukana amejisikiliza mwenyewe, na mwenye kusifu uongo amemdharau kiongozi, kwa maana amemwona hawezi kustahimili ukweli. Mtakatifu Paulo alimwagiza Timotheo asikubali kudharauliwa kwa sababu ya ujana wake, na papo hapo akamwagiza awe kielelezo katika usemi na mwenendo. Maagizo hayo mawili ni pacha, msiyatenganishe.

Bwana Yesu mwenyewe, akiwa na miaka 12, alikaa hekaluni katikati ya waalimu, akisikiliza na kuuliza. Wakubwa wale hawakumfukuza, walistaajabu. Heri Kanisa ambalo mtoto wa miaka 12 aweza kukaa katikati ya wazee wake akauliza, na wazee wasikasirike.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, uliyesikia neno la binti za Selofehadi, wape vijana wetu kweli isiyo na chuki. Wape viongozi wetu masikio ya Musa. Utupe sisi wazazi uvumilivu wa kuwapisha watoto wetu waseme. Wafariji waliofiwa, uilinde nchi yetu na damu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.