Zamu ya Zakaria

Masomo: 1 Mambo ya Nyakati 24, Luka 1:5-25



Jioni moja wakati wa Kwaresima iliyopita niliingia duka moja kubwa kununua sukari na sabuni. Penye malipo nilimkuta binti wa mtaa wetu, ambaye zamani hakukosa kwaya hata siku moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona siku hizi hatukuoni kanisani?"

"Ni zamu, Mwalimu."

"Na Jumapili ijayo?"

"Zamu."

Ijayo ingekuwa Jumapili ya saba mfululizo. Akanieleza kwamba ratiba ya juma zima hutumwa kwa simu Jumamosi usiku. Yeye ameajiriwa kwa kudumu, hana mume wala mtoto, kwa hiyo akipungua mtu huitwa yeye. Mwenzake Mwislamu alijitolea kumshikia Jumapili moja, naye amshikie siku ya Idi. Msimamizi alikataa, hakutaka kuvurugiwa karatasi yake. Watu walikuwa wakingoja nyuma yangu, basi nikalipa nikaondoka.

Njiani nilimkumbuka kuhani Zakaria. Mtakatifu Luka anatuambia kwamba alikuwa wa zamu ya Abiya, na kwamba malaika alimtokea alipokuwa akihudumu katika zamu yake. Twapita haraka juu ya neno hilo ili tufike kwa malaika. Lakini zamu ile ilikuwa na asili yake. Katika 1 Mambo ya Nyakati 24 twasoma jinsi makuhani walivyogawanywa katika zamu 24 siku za mfalme Daudi, na ya nane ilimwangukia Abiya. Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, ratiba ile iliandikwa hadharani. Shemaya mwandishi aliyaandika majina mbele ya mfalme, makuhani na wakuu wa jamaa. Kila mtu aliijua zamu yake mapema. Hakuna aliyestukizwa usiku kuamkia kazi.

Pili, iligawanywa kwa kura, mkubwa sawasawa na mdogo. Na katika sura ya 25, waimbaji nao walipigiwa kura, mwalimu pamoja na mwanafunzi wake. Wangeweza kuwatwika vijana siku ngumu, hawakufanya hivyo.

Tatu, zamu ilikuwa na mwisho. Luka asema kwamba siku za huduma yake zilipotimia, Zakaria alikwenda nyumbani kwake. Elisabeti alichukua mimba kwa sababu mumewe alirudi nyumbani! Hata kazi ya Hekalu haikummeza mtu moja kwa moja.

Hapo yanipasa kuungama. Nilipokuwa chuo cha ualimu, kwa miaka kadhaa mimi ndiye niliyepanga wakufunzi wa zamu. Palikuwa na kijana mmoja, hajaoa. Nilimwandika Krismasi, nikamwandika na Pasaka, nikijiambia kwamba hana familia. Jina langu sikuliandika. Baadaye sana alinieleza kwamba mwaka ule mama yake alikuwa mgonjwa kijijini, naye hakupata nafasi ya kwenda kumwona. Hakuniambia wakati ule, wala mimi sikumwuliza. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Anayeshika kalamu ya ratiba hashiki saa tu. Ameshika mama wa mtu, mtoto wa mtu, na sala ya mtu.

Wengine husema, "Huyu ni wa kudumu, namlipa mshahara kila mwezi, nitamwita nitakapo." Ndugu zangu, kuajiriwa kwa kudumu si kumilikiwa. Kumbukumbu la Torati 5 yataka mtumishi apumzike kama bwana wake, na sababu iliyotolewa ni kwamba Israeli nao walikuwa watumwa Misri. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiko mbali na hayo. Kwa kawaida saa za kazi zisizidi 45 kwa juma, bila kuhesabu saa za ziada, ambazo zina malipo yake. Mtu apate saa 12 za kupumzika kati ya kutoka kazini na kurudi, na saa 24 mfululizo kila juma. Tufanye hesabu kidogo. Anayefunga duka saa 4 usiku na kulifungua saa 1 asubuhi amepata saa 9 tu, na humo atafute gari, apike, alale.

Sisemi maduka yote yafungwe Jumapili. Wauguzi wako kazini, walinzi wako kazini, na Zakaria alikuwa kazini malaika alipomjia. Nasema zigawanywe. Duka lenye wauzaji 6, likihitaji 4 kila Jumapili, laweza kuwapumzisha 2. Baada ya Jumapili 3 kila mmoja amepumzika mara moja. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu. Ratiba ibandikwe majuma manne mbele. Wanaotaka kubadilishana waruhusiwe, ili mradi msimamizi ajue. Kabla ya kumwandika mtu siku kuu, aulizwe. Na anayepanga ajiandike naye pia.

Miongoni mwetu wamo wenye maduka na wasimamizi wa maduka, na wengine hupokea Ushirika Mtakatifu Jumapili ile ile ambayo wafanyakazi wao wameambiwa hakuna nafasi. Nawasihi, itazameni karatasi yenu kabla ya kuja mezani pa Bwana. Nasi wanunuzi tujichunguze: sukari ile ningeweza kuinunua mchana.

Pasaka ilipofika, nafasi ya binti yule kwenye kwaya ilikuwa wazi. Juma lililofuata nilikwenda kumwona msimamizi wake, nikamsimulia habari za yule mkufunzi kijana na mama yake. Alinisikiliza, akasema atafikiri. Namwombea, nanyi mwombeeni.

Mungu, aliyemrudisha Zakaria nyumbani siku zake zilipotimia, atupe moyo wa kuwarudisha wenzetu majumbani mwao. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu