Je, Kukisia ni Kusema Uongo?

Mara nyingi twasikia watu wakisema: "Mtaalamu huyu jana alitaja hesabu moja, leo ataja nyingine, basi ni mwongo." Je, neno hilo ni la haki? Tulipime kwa jambo la kwetu.

Gorila waitwao wa Grauer hawapatikani po pote duniani porini ila mashariki ya Kongo. Wachache wao wakaa katika mlima Tshiaberimu, si mbali na Butembo. Katika miaka ya 1990 wataalamu walikisia kwamba wako karibu 17,000. Mwaka 2016 walisema wamebaki 3,800. Mwaka 2021 wakasema: karibu 6,800. Je, gorila walizaliana hivyo kwa miaka mitano? La, maana jike huzaa mtoto mmoja tu kwa miaka minne hivi. Wapimaji walikuwa wamefika katika misitu ambayo awali haikupimwa vizuri, wakajisahihisha. Hata hivyo hatari ni ile ile: gorila wamepungua mno.

Tuelewe kazi yao. Hakuna awezaye kuwapanga gorila mstari akawahesabu. Lakini kila jioni gorila hujitengenezea kiota kipya, isipokuwa mtoto alalaye na mama yake. Wapimaji hupita njia zilizonyoka msituni, huhesabu viota, huchunguza kiota hudumu siku ngapi kabla ya kuoza, kisha hukisia msitu mzima. Wakikosea siku za kuoza, jumla yote yakosea.

Mnunuzi wa kakao kule Beni afanya vivyo hivyo. Hakati kila mbegu. Achukua chache za juu, za katikati na za chini, azikata, na kwa hizo ahukumu gunia zima. Akichukua za juu tu kwa kuwa zampendeza, adanganya, ingawa kila mbegu aliyoonyesha ni ya kweli. Akichukua pande zote na kusema, "Nadhani ni hivi, naweza kukosea kadiri hii," asema kweli, hata kama kesho atajisahihisha.

Basi uongo huanza pale mtu anapoficha shaka yake. Na vishawishi vipo. Atafutaye fedha za wafadhili huweza kupenda hesabu ndogo, ili watu waogope. Mwindaji hupenda kubwa, apate udhuru. Naye mkulima aliyekatazwa kulima ndani ya mpaka wa hifadhi ndiye abebaye mzigo wa hesabu hiyo. Ana haki ya kujua imepatikanaje.

Mwingine atauliza: "Mbona mwahesabu gorila, na watu wetu wa Beni wauawa tangu mwaka 2014?" Swali hili latuchoma. Twajibu hivi tu: hata wafu wetu, wako watu wapendao kuwazidisha na wengine kuwapunguza, kila mmoja kwa faida yake. Aliyezoea kusema kwa uaminifu juu ya mnyama, "Hiki najua, hiki nakisia," atasema hivyo na juu ya mtu. Lakini achezeaye hesabu ya viota, tutamwaminije kwa hesabu ya makaburi?

Tusimcheke basi mtu ajisahihishaye. Tumwulize: ulipita wapi, uliona nini, na wapi hukufika?