Tone Lisilo na Dawa

Wakati wa kiangazi, upepo uvumapo huku Kwa Mrombo, vumbi la barabara huingia hata nyumba zilizofungwa, na watu wengi hulalamika kwamba macho yawawasha kana kwamba yametiwa mchanga. Kwa wengine maumivu hayo hayaishi hata upepo ukitulia, kwa kuwa machozi yao ni machache, au hukauka upesi mno. Huo ndio ugonjwa wa macho makavu, na waganga wa hospitali katika nchi nyingi hawajaacha kuutafutia dawa mpya. Katika kuzijaribu, huwagawa wagonjwa kwa kura: hawa hupewa dawa, na hawa hupewa tone linalofanana nayo lakini halina dawa ndani yake. Mara nyingi mgonjwa hajui alichopewa, wala mganga hajui. Je, ni haki kumtendea mgonjwa hivyo?

Wako wasemao si haki, kwa sababu mtu amekuja kutafuta nafuu naye amepewa kitu kitupu. Neno hili ni zito, wala hatulipuuzi.

Lakini jicho leo lawaka, kesho latulia lenyewe, na hata tone tupu huliburudisha kidogo. Wahenga walisema, Msema pweke hakosi. Dawa ijaribiwayo peke yake hushinda daima, maana hapana wa kubishana nayo. Dawa ya cyclosporine, iliyopata ruhusa Marekani mwaka 2002 kwa jina Restasis, ilijaribiwa kwa kulinganishwa. Karatasi nyembamba iliwekwa penye kope la chini, ikapimwa machozi yamelowesha urefu gani. Baada ya miezi 6, katika kila watu 100 waliopewa dawa, 15 hivi waliongeza milimita 10 au zaidi. Katika 100 waliopewa tone tupu, 5 hivi waliongeza vivyo hivyo. Bila kundi la pili, dawa ingalisifiwa kwa wote 15. Tena twaona kwamba walio wengi hawakufikia kipimo hicho. Yafaa mambo haya yajulikane kabla maskini hajauza mbuzi wake ili anunue chupa.

Hata hivyo, njia hii haifai kila mahali. Mwaka 2000, huko Kahe Mpya, wilaya ya Rombo, watu 956 katika 978 walipewa dawa ya azithromycin, au marhamu ya tetracycline kwa wasiofaa kuinywa, kwa ajili ya trakoma. Hapakuwa na kundi la tone tupu. Dawa ilikwisha kujulikana kuwa yaponya. Kilichotafutwa ni kujua kama kijiji chaweza kusafika kwa kunywa mara moja. Kabla ya dawa, watu 9 au 10 katika 100 walikuwa na vijidudu vya ugonjwa. Baada ya miaka miwili, yapata mmoja katika 1,000. Kumnyima mtu dawa pale ili awe kipimo kungalikuwa dhuluma, kwa kuwa trakoma hupofusha.

Basi twaona kwamba tone tupu laweza kuwa haki pale tu ambapo hapana ajuaye kweli, na ambapo kungoja hakumpotezi mgonjwa. Tena lazima aambiwe tangu mwanzo: huenda utapata dawa, huenda hutapata, nawe waweza kutoka siku yoyote. Katika Tanzania majaribio ya dawa hayaanzi bila kibali cha wakuu wanaohusika. Lakini kibali cha serikali si ridhaa ya mgonjwa. Atiaye sahihi kwa kumwogopa mganga hakuridhia. Kwa hiyo sisi tujuao kusoma yatupasa kuwasomea wazee wetu karatasi hizo polepole, mpaka waelewe.

Naye aliyevumilia tone tupu amebeba mzigo kwa ajili ya wenzake. Dawa ikithibitika, ni wajibu apewe yeye kwanza, kabla haijapelekwa madukani.