Kitambi Si Cheo, Wanangu

Wanangu, kwetu mtu akianza kuota kitambi husifiwa: mambo yamemnyookea, mke anamtunza, kazi inalipa. Sifa hiyo imepitwa na wakati. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na ndani ya shati hilo linalobana mna ini ambalo huenda limeshaanza kujaa mafuta, na mwenyewe hana habari.

Ini halina kelele. Mafuta yakizidi asilimia 5 yake, daktari huiita hali hiyo ugonjwa, lakini wewe utaendelea kula, kucheka na kwenda kazini. Wengi hugundulika kwa bahati tu, walipokwenda kupigwa ultrasaundi kwa jambo jingine. Kwa baadhi yao mafuta huleta uvimbe, uvimbe huacha makovu, na makovu yakienea ini husinyaa na kuwa gumu. Hapo saratani nayo hupata mlango. Ukisubiri mpaka macho yawe ya manjano na tumbo lijae maji, umechelewa sana.

Wala usijifariji kwamba hunywi pombe. Mwenye ini la mafuta aachane nayo, hilo halina mjadala. Ila hata asiyewahi kuionja hupata ugonjwa huu. Tazameni chakula cha kijana wa mjini. Saa 3 usiku yuko kwenye banda la chipsi. Mafuta ya karai yamekwisha kuwa meusi. Muuzaji anavunja mayai 2 juu ya viazi, anamimina mafuta mengine pembeni ya kikaango ili zege, yaani chipsi mayai, lisigande, anageuza, anaweka kwenye sahani. Pembeni kuna soda ya baridi ya nusu lita. Soda hiyo peke yake mara nyingi ina sukari zaidi ya gramu 50, yaani kama vijiko 13 vya chai. Nani kati yenu angekubali kikombe cha chai chenye vijiko 13? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ajitahidi asizidishe gramu 25 hivi kwa siku. Karibu nusu ya sukari ya soda ni fruktosi, ambayo mzigo wake mkubwa hubebwa na ini, na inayozidi hugeuzwa mafuta. Kijana akishashiba, anapanda kitandani.

Hata hivyo, ini ni jepesi la kusamehe likiwahiwa. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 4 na nusu tu, mafuta ya ini huanza kupungua. Akifikisha kilo 7 hadi 9, uvimbe nao unaweza kutulia, na hata makovu yakarudi nyuma. Lakini haraka haraka haina baraka: nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha. Kushinda njaa ili upungue kwa ghafla kunaweza kuliumiza ini hilo hilo.

Sikatazi ugali. Nasema tonge lipungue, na nusu ya sahani iwe matembele, mchicha au mlenda. Kando yake weka maharage, dagaa au samaki asiyeogelea kwenye mafuta. Tunda litafune, usilisage na kulitia sukari. Kiu izimwe na maji. Kahawa isiyo na sukari haina ubaya. Wanywaji wake huonekana kuwa na makovu machache ya ini.

Halafu tembeeni. Dakika 30 za mwendo wa kutoa jasho, siku 5 kwa wiki. Shuka daladala vituo viwili kabla ya kwako. Dereva wa bodaboda asijidanganye: anayezunguka kutwa ni pikipiki, yeye amekaa. Na mizani isiposogea usikate tamaa, kwani mazoezi hupunguza mafuta ya ini hata uzito ukibaki palepale.

Jihadharini na chupa zinazouzwa kwa jina la kusafisha ini. Baadhi ya mitishamba yenyewe huliharibu. Hata dawa ya kwanza ya hospitali kwa ugonjwa huu ukishaleta makovu, resmetirom, iliyoidhinishwa Marekani Machi 2024, imeruhusiwa itumike pamoja na lishe na mazoezi. Kama dawa haikuweza kuwaondolea kazi ya lishe na mazoezi, chupa ya mtaani itaweza wapi?

Mwenye kisukari, presha au kitambi amwombe daktari ampime ini, na aulize pia kuhusu kipimo na chanjo ya homa ya ini B, adui mwingine wa ini. Mwembamba naye asijione salama. Ugonjwa huu haumbagui.

Neno la mwisho ni kwa wenye nyumba. Usimpikie mgonjwa sufuria yake ya peke yake, huku wengine wakila vya kukaanga mbele yake. Hatadumu wiki mbili. Badilisheni chungu cha nyumba nzima, maana watoto wenu nao wanakula humo.