Udhuru Tulioondolewa na Ndizi

Sisi wazazi tukiulizwa kwa nini watoto wetu wanakula ovyo, jibu huwa tayari mdomoni: maisha yamepanda, tutafanyaje? Siudharau ugumu huo. Unga, mafuta ya kupikia na mkaa vimezibana nyumba nyingi, na mzazi anayelala na hesabu kichwani hahitaji mtu wa kumsomea dhiki yake. Hata hivyo, simama saa ya mapumziko nje ya shule ya msingi ya mjini, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, utazame mikono ya watoto. Utaona vipakiti vya vitafunio vya chumvi, pipi, biskuti, barafu za rangi na vinywaji vya sukari. Pembeni palepale mama mmoja ameweka beseni lake la ndizi mbivu, na dole moja mara nyingi halizidi bei ya kipakiti kimoja. Wanaomuungisha ni mafundi na waendesha bodaboda. Watoto wanampita.

Pesa waliyoishika tumewapa sisi, na ingetosha kununua ndizi. Kinachowapitisha mbele ya beseni lile bila hata kuligeukia hakikuanzia shuleni. Kimeanzia nyumbani, na naona ni wajibu tukizungumze kwa utulivu, lakini bila kufichana.

Mtoto hujifunza kula kwa kuwatazama wakubwa wake wakila. Sasa wetu wanatuona lini? Nyumba nyingi siku hizi zina chakula, lakini hazina wakati wa chakula. Baba hurudi usiku, hufunuliwa sahani yake, akala huku macho yako kwenye simu. Mama alishakula zamani, tena kwa kusimama jikoni. Kijana mkubwa amebeba sahani yake chumbani, na wadogo wamewekwa mbele ya katuni wakilishwa vijiko ili wasisumbue. Sinia iliyokusanya mikono ya wote tunaitoa siku ya arusi, maulidi au msiba. Tunda likiwepo huwekewa mgeni, na soda hununuliwa mtoto aliyefaulu mtihani. Basi mtoto amekwisha kuelewa: tunda ni la kuheshimu watu wa nje, na kitu kitamu cha chupa ndicho alama ya kupendwa. Hakuna aliyemfundisha hivyo kwa maneno. Tumemfundisha kwa matendo, naye amehitimu.

Hali hii inauma zaidi ukikumbuka ndizi imekaa karibu kiasi gani na dini yetu na pwani yetu. Katika Suratul Waaqia, sura ya 56, zinapoelezwa neema za watu wa kuume huko Peponi, aya ya 29 inautaja mti wa talh ambao matunda yake yamepangana. Wafasiri wengi, akiwemo Ibn Abbas kwa ilivyopokewa kutoka kwake, walisema mti huo ni mgomba. Wengine walisema ni mti wa jangwani wa jamii ya mgunga. Sheikh Ali Muhsin Barwani, alipoifasiri Qurani kwa Kiswahili, alifuata kauli ya migomba, na anayeutazama mkungu ulivyoshikana chane juu ya chane haoni taabu kufahamu kwa nini wengi walielekea huko.

Mtoto akituuliza habari ya aya hiyo, tumpe kauli zote mbili. Tusimfichie moja ili hadithi yetu ipendeze. Nalisisitiza hili kwa sababu simu zetu zimejaa jumbe zinazomnasibishia Mtume (S.A.W.) sifa za kila tunda na kila jani, nasi tunazisambaza bila kuuliza, mara nyingine tukimsomea mtoto kwa sauti. Tende imetajwa na kusifiwa katika Hadithi sahihi. Ndizi haina Hadithi mashuhuri ya namna hiyo, wala haihitaji kuzuliwa moja ili iwe neema. Mtoto aliyezoea kuona wazazi wake wakisema jambo la dini bila uhakika atajifunza kwamba katika dini mtu hubuni. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kukosa tunda.

Wanazuoni wenyewe walitupa mfano bora wa uaminifu. Ibn al-Qayyim, aliyefariki Damascus mwaka 1350, aliieleza ndizi katika kitabu chake cha tiba. Alisema huufaa mkwaruzo wa kifua na kikohozi na hulainisha tumbo, akaongeza papo hapo kwamba ina madhara yake kwa tumbo na akataja namna ya kuyapunguza. Ulikuwa uganga wa zama zake, na hakuufanya kuwa wahyi. Alitaja faida, akataja na madhara.

Nasi kwa vipimo vya leo tunaweza kusema kwa uwazi uleule. Ndizi mbivu ya wastani, gramu 118 hivi ikishamenywa, ina takribani kilokalori 105, gramu 3 za nyuzinyuzi, miligramu 420 hivi za potasiamu, na vitamini B6 ya kutosha kuhesabika. Sukari yake ni gramu 14 hivi, nayo huja pamoja na nyuzinyuzi na maji, ilhali soda ya kola ya mililita 330 ina takribani gramu 35 za sukari bila chochote cha kuisindikiza. Ndizi mbichi ina wanga ambao sehemu yake haimeng'enywi upesi, na huwafaa bakteria wema wa utumbo. Lakini protini yake ni kama gramu moja tu, na madini ya chuma ni kidogo mno. Mama anayemwanzishia mtoto wa miezi sita chakula cha nyongeza kwa ndizi ya kupondwa amefanya vyema, ila siku zikisonga bila maharage, dagaa, yai au mboga za majani, mtoto hatajengeka. Na katika nyumba yenye mgonjwa wa figo, daktari aulizwe kwanza, kwa sababu potasiamu hiyohiyo inayotufaa sisi huweza kumdhuru yeye. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilipendekeza gramu 250 za matunda na mboga kwa siku kwa watoto wa miaka 2 hadi 5, na 350 kwa wa miaka 6 hadi 9. Ndizi mbili ndogo na bakuli la mchicha vinalisogeza lengo hilo karibu, hata kwa mfuko uliotoboka.

Wazee wetu hawakuwa na vipimo hivi, lakini walijua kula kilichoota kwao. Mwanahistoria al-Masudi, aliyefariki mwaka 956, aliandika kwamba ndizi kwa watu wa Zanji, yaani wa pwani hii yetu, zilikuwa nyingi kama zilivyokuwa India. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wenye samli na vitoweo, na kando yake ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Akashuka Mombasa, akalala usiku mmoja. Aliona kisiwa hakina nafaka, huletewa kutoka mwambao, na chakula cha wenyeji wake ni ndizi na samaki. Katika maelezo hayohayo mafupi anasimulia uchaji wao, misikiti yao ya miti iliyojengwa kwa ufundi, na jinsi kila anayetaka kuingia alivyoosha miguu mlangoni na kuipangusa kwenye mkeka. Kisha akaenda Kilwa, na kutoka hapo akavuka bahari hadi Dhofar, nchi ambayo sasa ni sehemu ya Oman. Huko alikuta mabustani ya ndizi kubwa na tamu, moja ikapimwa mbele yake, ikatimiza wakia 12. Mashamba ya ndizi na minazi bado yapo Salalah, na jamaa zetu waishio Oman wanayajua.

Nimeirefusha habari hii ya Mombasa kwa makusudi. Yule alikuwa mgeni wa usiku mmoja, na bado aliondoka na picha ya watu wenye chakula cha kawaida na tabia iliyonyooka, hakuona vitu hivyo viwili vikigombana. Akilala usiku mmoja katika nyumba zetu leo ataandika nini? Tuna vyakula vingi kuliko wao. Adabu ya kuvila ndiyo inayoponyoka.

Adabu hiyo ilifundishwa wapi? Ilifundishwa sahanini. Umar ibn Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), alikuwa anakula naye huku mkono wake ukizurura sahani nzima. Mtume akamuelekeza ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Bukhari na Muslim wameipokea Hadithi hiyo, na Umar mwenyewe alisema kwamba tangu siku ile ndivyo alivyokula. Tuzingatie jambo tunalolipita haraka: mlezi alikuwepo. Aliuona mkono ukizurura kwa sababu mkono wake mwenyewe ulikuwa katika sahani ileile. Mzazi asiyekaa na wanawe hawezi kuona mkono wowote, na akija kukaripia baadaye atakuwa anakaripia habari aliyoletewa.

Siku nyingine Hasan, mjukuu wa Mtume, alitia mdomoni tende ya sadaka. Mtume alimzuia mara moja aitoe, akamwambia sababu: watu wa nyumba yake hawali sadaka. Nidhamu ilikuja papo hapo na maelezo yakafuatana nayo, mtoto akajua mpaka uko wapi na uko pale kwa nini. Sisi huelekea upande mmoja. Ama tunanyamaza kwa sababu mtoto atalia, ama tunapiga kelele bila sababu kutajwa.

Tena kuna Hadithi katika Sahih Muslim, kutoka kwa Abu Huraira, ambayo laiti kila nyumba ingeifanyia kazi. Watu walipomletea Mtume tunda la kwanza la msimu, aliomba baraka kwa ajili ya matunda ya Madina na vipimo vyake, kisha akamwita mtoto mdogo kuliko wote akampa. Tunda la kwanza, lililoombewa dua mbele ya watu wazima, likaishia katika kiganja cha mtoto. Linganisha na kwetu, tunda linapofichwa kabatini likimngoja mgeni mpaka lilainike.

Utasikia udhuru wa pili: muda hatuna. Ramadhani inatukanusha. Mwezi mzima baba huyuhuyu mwenye shughuli nyingi huwahi nyumbani kabla ya magharibi. Mkeka hutandikwa, tende huwekwa, uji humiminwa, na ndizi ya mkono wa tembo au mzuzu hupikwa kwa tui na iliki hadi jirani ajue. Watoto hungoja adhana, hutegea dua, humpisha bibi aanze, humwachia mdogo kipande. Hayo yote huyafanya bila mhadhara, kwa kuwa wakubwa wao wamekaa pale wanayafanya. Idi ikipita, tunatawanyika tena kila mtu na sahani yake. Kwa hiyo muda upo. Tumeupangia mwezi mmoja, tukainyima miezi kumi na mmoja.

Sisemi kila nyumba itaweza kila usiku. Wako wazazi wa zamu za usiku, mabaharia, madereva wa malori, na mama wanaolea peke yao. Lakini mlo mmoja kwa siku, au hata milo michache kwa wiki, wenye watu wazima waliokaa chini na simu zilizowekwa mbali, hauhitaji mshahara mpya. Simu ya baba iwe ya kwanza kuondoka. Akiishika yeye, asimlaumu kijana. Tunda liwe sehemu ya mlo wa nyumba, na baba aonekane akilimenya na kulila. Mtoto mdogo apewe dole aligawe na ndugu yake, ajifunze kwamba anayegawa humpa mwenzake chaguo la kwanza.

Hata ganda lina somo lake. Nimewaona watu wazima, wamevaa kanzu safi, wakila ndizi ndani ya daladala na kulitupa ganda dirishani, watoto wao wamekaa pajani wakitazama. Watoto haohao madrasa wanahifadhi Hadithi kwamba kuondoa kinachodhuru njiani ni katika matawi ya imani. Tunamwachia maalimu kazi ya kupanda kile tunachokingoa barabarani, kisha tunamlaumu maalimu.

Wazee walisema mgomba haushindwi na mkunguwe. Mzazi hapaswi kuuona uzito wa mwanawe kuwa hauchukuliki, wala kuupakua kwa televisheni, kwa bibi aliyechoka au kwa mfanyakazi wa ndani ambaye naye ni mtoto wa watu. Na mzigo huu si wa mama peke yake. Baba anayedhani kazi yake imekwisha akishaacha pesa ya matumizi mezani ameacha nusu ya malezi yake nje ya mlango.

Mwenye uwanja wa nyuma, hata mdogo, aombe chipukizi kwa jamaa mwenye shamba, achimbe shimo pamoja na watoto, atie samadi na maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Awaeleze Hadithi ya Anas kwamba Muislamu akipanda mti, akala katika mti huo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake. Kwa joto la pwani mkungu huchukua kama mwaka, na mwaka huo mtoto atamwona mzazi wake akimwagilia siku ambazo hakuna cha kuvuna. Shina likishazaa hukatwa, na chipukizi la pembeni huachwa likue. Chane la kwanza lipelekwe kwa jirani, mtoto alibebe, na mzazi afuatane naye hadi mlangoni abishe hodi.