Mwenye Kusoma Nyumbani na Haki ya Ahli Wake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, na Sala na salamu zimshukie Mtume wake Muhammad, na ahli zake na Sahaba zake. Amma baad.

Enyi ndugu Waislamu! Zamani mtu wa pwani mwenye kutaka elimu ya juu hakuwa na budi kufunga safari, akawaacha mke na watoto nyuma yake kwa miaka. Leo umefunguliwa mlango mwengine. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kazi mwaka 1993, na kina vituo vyake mikoani, Tanga na Unguja na Pemba miongoni mwavyo. Mwanafunzi husoma kwake, akenda kituoni siku za mitihani. Wala jambo hili si geni ulimwenguni, kwani Chuo Kikuu cha London kiliwaruhusu wasiokaa chuoni kufanya mtihani wa shahada tangu mwaka 1858. Basi karani, mwalimu, hatta mwenye duka, aweza kuipata shahada bila ya kuhama mtaani kwake. Hii ni neema, na mwenye kuizuia kwa kuwa elimu hiyo haisomwi msikitini amekosa. Imam Ghazali katika Ihya ameuhesabu utabibu na hisabu katika fardhu za kifaya.

Lakini ndani ya neema hii umo mtego. Aliyesafiri kwenda kusoma, watu wake walijua ya kuwa hayupo, wakajipanga kwa kutokuwapo kwake. Huyu asomaye nyumbani yupo na hayupo. Kanzu yake imetundikwa, viatu vyake viko mlangoni, naye akiitwa haitiki.

Mfano wake ni mtu arejeaye kazini jioni, na akisha sali Isha hufungua vitabu vyake. Mwanawe wa miaka saba aja na juzuu yake, ataka asikilizwe sura aliyopewa na mwalimu chuoni. Aambiwa: kesho. Kesho yake aambiwa: baada ya mtihani. Baada ya mtihani waja mtihani mwengine. Mwisho mtoto haji tena, na baba adhani kuwa nyumba imetulia. Na ada ya masomo yatoka katika fungu lile lile la unga na samaki na nguo za Idi. Mke alipoweka rahani bangili yake ili ada itimie hakuulizwa kama ameridhika. Alishukuriwa upesi upesi, kisha mlango ukafungwa.

Hapa pana hisabu ya kisharia ambayo msomi huyu, pamoja na hisabu zake zote, hakuipiga. Elimu ya shahada, ikipandishwa daraja yake ya juu kabisa, ni fardhu ya kifaya: wakiisimamia wengine, waliobaki husalimika. Ama nafaka ya mke na watoto, na kuwaamrisha watoto Sala wafikapo miaka saba, hayo yamo shingoni mwa baba mwenyewe. Na katika madhehebu ya Imam Shafii nafaka ya mke iliyopita bila ya kulipwa hugeuka deni juu ya mume, wala haifutwi kwa kupita siku. Nafaka ya watoto siyo hivyo. Wakati wake ukisha pita haigeuki deni la kulipwa, na hubakia dhambi ya mwenye kuizuia kwa kusudi. Mafakihi wameyasema haya katika chakula na nguo. Mwenye akili na azipime kwa mizani hiyo zile jioni za juzuu: ni kwa njia gani atazilipa?

Salman Alfarisi alipomzuru nduguye Abu Dardai alimkuta mkewe amevaa nguo za kazi, hana pambo, akauliza sababu. Akajibiwa ya kuwa Abu Dardai hana haja na dunia. Usiku Abu Dardai alitaka kuondoka asali, Salman akamlaza. Akataka tena, akamlaza tena, hatta ulipofika mwisho wa usiku wakasali pamoja. Kisha akamweleza kuwa Mola ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahli wake wana haki. Khabari ikafika kwa Mtume (S.A.W.), naye akamsadikisha Salman. Na izingatiwe: lililozuiwa usiku ule lilikuwa Sala ya sunna, si karatasi za mtihani.

Je, ndiyo kusema aache kusoma? La. Sayyidna Omar alikuwa akikaa nje kidogo ya mji wa Madina, akapatana na jirani yake katika Ansari washuke kwa Mtume kwa zamu. Siku ya huyu, huyu hushuka na kurejea na khabari za wahyi na mengineyo. Siku ya yule, hali kadhalika. Imam Bukhari ameiweka khabari hii katika mlango wa elimu chini ya kichwa cha kupokezana zamu, na maulamaa wametoa humo kuwa mwenye kutafuta elimu hapotezi maisha yake ya siku zote. Basi zamu haikuwa aibu kwa Omar. Siku tatu za kitabu na siku tatu za juzuu, zimejulikana na mke na watoto tangu mwanzo wa juma, ni bora kuliko siku sita za "kesho".

Na zamu ni ya wawili. Chuo hicho hupokea wanawake pia, na wako waume wanaosoma wao miaka minne wakihudumiwa, kisha mke akitaja kusoma huambiwa kuwa watoto watapotea. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani mwake. Akajibu ya kuwa alikuwa katika kazi za ahli wake, na Sala ikifika alitoka kwenda kusali. Siku ya mtihani wa mke, uji wa asubuhi na kuwapeleka watoto chuoni ni kazi ya mumewe.

Wabillahi ttawfiqi.